Ndege Ndogo za Vita katika Baraza Letu

Jumapili moja ya mwaka 2023, wakati wa alasiri, mama mmoja jirani yetu alifika barazani petu hapa Buleusa. Hakubisha hodi. Sisi tulikuwa tumeinamia meza, watu wazima watatu, maseremala kwa kazi yetu, pamoja na wavulana wapata kumi. Kila mtu ameshika kisu na kipande cha mti. Mama yule alisimama, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema: “Akina baba, mwanangu ameleta nyumbani kitu cha chuma alichokiokota shambani. Asema ni bomu la kutia katika ndege yenu. Sasa niambieni, ninyi mwawafundisha watoto wetu kazi gani?”

Tuliacha visu mezani, tukamfuata. Kitu chenyewe kilikuwa uani, chini ya mgomba, kimeshika kutu. Mara tulikitambua. Lilikuwa guruneti la kurushwa kwa mkono, lililoachwa na watu waliopigana mahali pale zamani. Tuliwatoa watoto wote uani, tukaweka matawi ya miiba pande zote kwa mbali, tukapeleka habari kwa mkubwa wa kijiji. Baada ya siku chache walikuja watu waliofundishwa kazi hiyo, wakaliharibu mbali na nyumba. Mlio wake ulisikika hata ng’ambo ya bonde. Na mvulana yule alikuwa amelichukua ndani ya mfuko wa kaptula yake, njia nzima, huku akikimbia.

Twaandika habari hii kwa ajili ya wazazi na wanafunzi, kwa sababu swali la mama yule limetukaa moyoni mpaka leo. Yafaa nini kuchonga ndege za vita katika nchi iliyochoka na vita? Kabla ya kujibu, yatupasa kwanza kueleza kazi yenyewe ilivyo.

Buleusa ni mahali pa vilima na msitu, katika Ikobo, upande wa Walikale. Motokaa hutupitia kwa shida, hasa wakati wa mvua. Bali ndege hupita juu hata barabara ikiwa tope tupu. Tena watu wetu wengi waliokwenda kutafuta kazi katika machimbo ya Bisie walirudi na hadithi za ndege za mizigo zilizokuwa zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, karibu na mji wa Walikale, ili kuchukua mawe ya madini ya bati na kuyapeleka Goma. Watoto waliosikia hadithi hizo waliziiga ndege kwa mabua ya makuti ya mwale. Sisi tulitazama mchezo wao, tukaona kwamba mikono yao ni hodari lakini macho yao hayajafunzwa: bawa moja refu, la pili fupi, na gurudumu kubwa kuliko kichwa cha rubani. Ndipo tulipowaita barazani, tukawapa rula.

Kwa nini ndege za vita, wala si za mizigo? Ukweli ni kwamba wavulana walizitaka, na sisi wenyewe tulizitaka pia. Ndege ya vita ina umbo la kupendeza macho, kama vile upanga unavyovuta macho kuliko jembe. Hatuna budi kukiri hivyo. Maana mtu asiyekiri kwamba upanga humvutia, hatajua siku gani umekwisha kumvuta.

Jambo la kwanza katika kazi hii ni kipimo. Tunatumia kipimo cha 1 kwa 72, ambacho wapenzi wa kazi hii wamekitumia tangu zamani katika nchi nyingi. Huko Uingereza ndege ndogo za plastiki za kipimo hicho zilianza kuuzwa katika visanduku mwaka 1936. Maana yake ni rahisi: sentimita 72 za ndege ya kweli huwa sentimita 1 mezani. Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 75 huwa na sentimita 2 na nusu hivi. Mvulana aliyekuwa akikimbia hesabu shuleni, barazani petu hugawanya kwa 72 jioni nzima, wala halalamiki.

Tena kipimo hiki kina historia yake ya vita. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi ile kuchonga ndege ndogo 500,000 za mti, kwa kipimo hicho hicho cha 1 kwa 72, na kuzipaka rangi nyeusi. Askari walitakiwa kuzitazama ndege hizo dhidi ya mwanga, ili wajifunze kutambua kwa umbo tu ipi ni ya rafiki na ipi ni ya adui, wasije wakampiga rafiki. Basi watoto wa shule walifanya kazi ile ili macho ya watu wazima yasikosee.

Wala ndege za vita si jambo la jana katika nchi zetu. Mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, Wabelgiji waliletewa ndege nne za Kiingereza zenye kutua juu ya maji, jina lake Short. Zilisafirishwa kutoka Ulaya mpaka Ziwa Tanganyika, zikawekwa karibu na Mtoa, na mwezi wa sita na wa saba wa mwaka ule zilivuka ziwa kupiga Kigoma, mahali palipokuwa na meli kubwa ya Wadachi, Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha meli ile walipokuwa wakiondoka Kigoma. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikachukua abiria kwa jina la Liemba. Ndege ya Short ndiyo tuliyoichonga kwanza. Mabawa yake, kutoka ncha hata ncha, yalikuwa mita 16 na nusu karibu. Mezani petu yakawa sentimita 23. Tuliyachonga kwa mti ule mwepesi unaoota upesi mahali msitu ulipokatwa, wenye majani yaliyotanda kama mwavuli; wataalamu huuita Musanga. Mti huo hukatika kwa kisu kama muhogo, wala hauna uzito mkononi.

Ndege ya pili ilikuwa T-28 ya Kimarekani. Ndege hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1949, nayo haikutengenezwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa ndege ya shule: ina viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, cha mwanafunzi na cha mwalimu. Baadaye ilifungiwa bunduki na mabomu chini ya mabawa, na tangu mwaka 1964 serikali ya Kongo iliitumia katika vita na Simba. Marubani wengi walikuwa Wakuba waliokimbia nchi yao. Mabawa yake ni mita 12 na kidogo, yaani sentimita 17 mezani petu. Mvulana mmoja alipoyasikia hayo aliuliza: “Na kile kiti cha mwalimu, alikaa nani?” Hatukujua kumjibu.

Sasa tuseme habari ya kuichakaza ndege, maana hapo ndipo palipo na utamu wa kazi yote, tena ndipo palipo na fundisho lake.

Ndege yetu ya kwanza ilipokwisha kupakwa rangi ilikuwa ikimeta kama sahani mpya. Wavulana walifurahi, lakini tuliona kwamba ni uongo. Ndege iliyofanya kazi haimeti. Basi mvulana mmoja aliichukua akaipaka tope kila mahali, juu na chini, kama nguruwe aliyetoka kugaagaa. Huo nao ulikuwa uongo mwingine. Tangu siku ile tukaweka sheria barazani: kila doa liwe na sababu yake. Mwenye kutia doa sharti aseme limetoka wapi, na asiyeweza kusema, alifute.

Sheria hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Masizi ya injini hutoka katika mabomba ya moshi, na kwa kuwa ndege huenda mbele, masizi huvutwa nyuma ubavuni mwake, mazito karibu na bomba, hafifu kadiri yanavyokwenda mkiani. Mafuta yanayovuja hutiririka kuelekea chini wakati ndege imesimama, lakini hupeperushwa nyuma inaporuka; mwenye kuyachora lazima achague. Rangi hutoka pale fundi anapokanyaga apandapo bawani, wala haitoki pale asipofika mtu. Upande wa juu huchujuka kwa jua, upande wa chini hubaki na rangi yake. Vumbi jekundu la uwanja hushika magurudumu na tumbo la nyuma yake.

Vifaa vyetu si vya dukani. Masizi twayakwangua chini ya chungu. Vumbi ni udongo wetu mwekundu uliochungwa kwa kitambaa. Mahali rangi ilipokwanguka pakaonekana bati, twasugua kidogo risasi ya penseli, pakang’aa kama chuma. Kioo cha rubani twakitoa katika chupa ya plastiki ya maji. Magurudumu katika kandambili iliyokufa. Na kwa kuonyesha rangi iliyobanduka vipande vipande, twatumia chumvi: mti hupakwa kwanza rangi ya kijivu, ikikauka hulowanishwa maji, hunyunyiziwa chembe za chumvi, kisha hupakwa rangi ya pili juu yake. Chumvi ikisuguliwa na kuanguka, huacha matundu madogo, nayo rangi ya chini huonekana kama bati lililochakaa. Siri hiyo ilituletea ugomvi, kwa maana wavulana waliichukua chumvi jikoni kwa mama zao bila ya kuomba, na chumvi kwetu hununuliwa. Mama yule wa guruneti alikuwa miongoni mwa walioibiwa.

Basi, baada ya habari ya guruneti, tulifunga baraza majuma mawili. Mmoja wetu alisema tuache kabisa, tuchonge vijiko na vinu, vitu vyenye faida. Mwingine alisema kosa halikuwa katika mti wala kisu, ila katika sisi tusiowaonya watoto wasiokote chuma. Tulibishana kwa ukali, hata siku moja tulitawanyika bila kuagana. Ndege ya T-28 ilibaki mezani, imekwisha, haina mabomu chini ya mabawa.

Ndipo akaja mzee mmoja. Yeye si mwenyeji wa huku. Alizaliwa upande wa Fizi, karibu na Ziwa Tanganyika, akaletwa kwetu na biashara angali kijana, akaoa, akakaa. Alikuwa amekuja kutengenezewa kiti. Alipoiona ndege mezani aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama ubavuni muda mrefu. Wavulana walisogea.

“Wajukuu zangu,” akasema, “hii naijua. Mwaka 1965 nilikuwa mtoto wa miaka minane. Hata masizi haya ubavuni ni ya kweli. Nani aliyeyapaka?”

Mvulana aliyeyapaka alisimama wima kwa furaha.

“Umeyapaka vizuri. Haya ni masizi ya injini. Na masizi mengine yako wapi?”

“Yapi, Babu?”

“Ya chini.”

Akaketi, akatusimulia. Siku moja ndege ya namna hii ilipita juu ya kijiji chao, chini sana, nao wakakimbilia msituni pamoja na mama yao. Chini pia watu walikuwa wakipigana. Ni nani aliyewasha moto, wa juu au wa chini, yeye hakujua, na mama yake hakujua mpaka kufa kwake. Walirudi siku ya tatu, wakakuta ghala ya maharagwe imeungua. Maharagwe ya juu yalikuwa majivu. Ya katikati yalikuwa meusi kama makaa. Ya chini yalikuwa yameiva. “Harufu yake ilikuwa ya chakula,” akasema, “nasi tulikuwa na njaa. Tuliyala tukifurahi. Mama hakula. Alitutazama tu, kwa kuwa yeye alijua kwamba yale yalikuwa mbegu.”

Hakuna aliyesema neno. Baadaye kidogo mvulana mmoja aliuliza kama inafaa kuivunja ndege. Mzee alikataa. “Msiivunje. Mkiivunja, nitamwonyesha nani kitu nilichokiona? Lakini sheria yenu mwaitimiza nusu. Mwasema kila doa lina sababu. Nami nawaambia, kila ndege ya namna hii ina madoa iliyoyaacha kwa watu, na hayo hayamo ubavuni mwake.”

Juma lililofuata alirudi kuchukua kiti chake, akaleta haragwe moja alilolichoma jikoni kwake mpaka likawa jeusi. Aliomba tulitie gundi juu ya ubao, chini ya bawa la ndege. Mvulana wetu mwenye kupenda hesabu alilipima kwa rula, akasema kwa adabu: “Babu, halilingani na kipimo. Lina sentimita 1 na zaidi. Kwa 1 kwa 72, hilo ni haragwe kubwa kama kikapu.”

Mzee akajibu: “Mjukuu wangu, kwetu siku ile lilikuwa kubwa kuliko ndege.”

Haragwe lile lipo mpaka leo juu ya ubao. Nasi tuliongeza sheria ya pili barazani: mtu asichonge ndege ya vita kabla ya kumsikiliza mtu aliyekuwa chini yake, na kama watu hao wamekwisha kufa, kama wale wa Kigoma wa mwaka 1916, basi asome habari zao na kuuliza wazee, naye aandike kwenye karatasi ndogo, ibandikwe ubaoni: ndege ilitumiwa wapi, mwaka gani, na nani aliyekuwa chini.

Sheria hiyo ilijaribiwa upesi. Wavulana wawili walitaka kuchonga Sukhoi 25, ile ndege yenye injini mbili ambayo watu wa Kivu ya Kaskazini wameiona angani katika vita vya miaka hii. Walikuwa wamesikia jinsi moja ilivyopigwa kombora karibu na Goma tarehe 24 Januari 1923 — la, wavulana hao walikosea kuandika, nasi twasahihisha: ni mwaka 2023 — lakini ikatua katika uwanja wa Goma na moto ubavuni. Walikwisha kupima mabawa: mita 14 na sentimita 36, yaani sentimita 20 mezani. Tuliwaambia waende kwanza kwa watu waliokimbia kutoka Masisi, wawaulize kwa heshima, na wasiotaka kusema wasiwasumbue. Walikaa huko siku tatu. Waliporudi, mmoja alisema hataki tena kuichonga. Wa pili aliichonga, akaimaliza vizuri, lakini juu ya ubao alichora mkeka mmoja na masufuria mawili, kwa sababu bibi mmoja alimwambia kwamba hivyo ndivyo vyote alivyoweza kubeba. Hatukumsifu wa kwanza kuliko wa pili, wala wa pili kuliko wa kwanza. Wote wawili walikuwa wametii sheria.

Basi turudi kwa mama yetu na swali lake. Hatuwezi kumwambia kwamba mchezo huu hauna hatari. Mtoto huanza kwa kupenda umbo, na mwenye kumpa umbo bila ya habari zake, humpa nusu ya kitu. Nusu ya pili ataitafuta mwenyewe shambani, na ataileta nyumbani mfukoni. Lakini kijana aliyezoea kuuliza kila doa limetoka wapi hadanganywi kwa urahisi na kitu kinachometa. Hilo ndilo jibu letu, nalo tulilipata kwa kuchelewa.

Wazazi, twawasihi: waambieni watoto wenu leo, wasingoje kesho, kwamba chuma chochote wasichokijua, kilicholala shambani au kando ya njia, wasikiguse, wasikirushie jiwe, wasikitie motoni. Wakumbuke mahali, warudi kwa njia ile ile waliyokwendea, wamwambie mtu mzima. Barazani petu hakuna tena chuma cha kuokota. Pangaboi zote hukatwa katika makopo ya samaki, mbele ya macho yetu.

Mama yule alikuja tena baada ya miezi kadha, safari hii akabisha hodi. Mwanawe alimwonyesha ubao wa T-28, akamsomea karatasi. Mama aliinama, akaligusa haragwe kwa kidole, akanyamaza kitambo. Kisha akajinyosha, akatutazama sisi watu wazima watatu.

“Haya, na aendelee,” akasema. “Lakini chumvi yangu mtanilipa.”

Tulimlipa siku ile ile.